Darasa Lililoingia Kibanjani

Barua ya chuo ilipotangaza kwamba muhula ule masomo yote ya mwaka wa pili yatafundishwa mtandaoni, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kugomba. Nina ulimi mwepesi, wenzangu wa idara wanalijua hilo. Nilisimama kikaoni nikauliza ni nani kati yao amewahi kumfundisha mtu kupogoa mibuni kwa simu. Nikasema tutatoa wahitimu wa kilimo wasiojua jembe linashikwa upande gani. Mkuu wa idara, mtu mpole asiyependa kelele, alinisikiliza mpaka maneno yakaniishia, kisha akasema majengo yanakarabatiwa, vyumba havitoshi, na vipindi vyangu ni Jumanne na Alhamisi saa nne asubuhi. Kikao kikafungwa.

Nilirudi kwangu Nshambya, hapo Bukoba mjini, nimenuna. Nilikuwa nimebandika chai, nimesimama jikoni namalizia kugombana na mkuu wa idara kichwani mwangu, mara wazo likanijia. Kama naweza kufundisha kutoka mahali popote, kwa nini nifundishe kutoka Nshambya? Kwa nini nisifundishe kutoka kwa mama, Muleba? Mara ya mwisho nilipokaa kwa mama zaidi ya siku nne mfululizo, nilikuwa sijaanza hata sekondari. Nilikwenda bweni nikiwa na miaka kumi na minne, na tangu hapo nikawa mgeni wa Krismasi na misiba, mtu wa kuulizwa kama amekuja na nguo za kulalia. Nilicheka peke yangu mpaka chai ikafurika. Kesho yake nilikuwa kwenye basi na mabegi matatu.

Hapa lazima nieleze habari ya kibanja cha mama, maana bila hicho hakuna hadithi. Kiko juu ya mteremko, migomba na mibuni imepandwa pamoja kama walivyopanda wazee, nyumba iko katikati, na baba yetu amezikwa hatua chache kutoka mlango wa jikoni, kati ya migomba aliyoipanda mwenyewe. Kaka zangu wawili wanaishi mbali, mmoja Mwanza na mmoja Dar es Salaam, na kila Jumapili humpigia mama simu kumwambia ahame, amezeeka, goti linamsumbua, hana wa kumtazama. Mwishowe tulikubaliana naye hivi: maadamu kibanja kinamlisha, atabaki. Siku kitakaposhindwa kumlisha, atakuja kukaa kwangu Bukoba, bila ubishi. Mama alikubali haraka sana. Aliamini siku hiyo haitafika. Kila mgomba uliosimama pale ulikuwa unamtetea abaki nyumbani kwake.

Siku ya kwanza nilizunguka kibanja kizima nimeinua simu juu nikitafuta mtandao. Ndani ya nyumba haukuwepo. Barazani ulikuja ukaondoka. Karibu na kaburi la baba ukajaa mpaka juu. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda anamenya ndizi, ananitazama.

"Hata simu imejua mwenye nyumba yuko wapi," alisema kwa Kihaya, akaendelea kumenya.

Basi darasa likawa pale. Nilitoa meza ndogo ya sebuleni, nikafunga simu kwenye mti wenye panda niliouchomeka ardhini, nikaweka pawabenki kwenye kikapu, na saa nne kamili nikavaa blauzi ya kazini juu ya kanga ya nyumbani. Kamera inaonyesha kifua tu.

Kipindi cha kwanza kilikuwa aibu tupu. Wanafunzi arobaini na mmoja, na mimi nikiona miraba myeusi arobaini na mmoja. Nilisoma slaidi zilezile nilizozisoma miaka yote. Nikauliza, "Mnanisikia?" Kimya. Nikauliza tena. Mmoja akaandika, "Tunakusikia Madam," basi, nikaendelea kuongea na kioo. Nilikuwa nimeanza kutunga maneno ya kumwambia mkuu wa idara kwamba nilisema mimi, nilisema, pale jogoo wa mama alipopanda juu ya meza, akasimama mbele ya kamera na kuwika usoni mwa darasa zima.

Maiki zikafunguka. Sijawahi kusikia darasa langu likicheka namna ile. Mmoja akasema, "Madam, huyo ni mhadhiri msaidizi?" Nami, badala ya kumkemea, nilicheka mpaka machozi. Mwingine akauliza, "Madam uko kibanjani?" Nikageuza simu nikawaonyesha. Wakaanza kuniuliza maswali, maswali ya kweli: mbona ule mgomba umeegemezwa, ule mbuni una umri gani, yale majani makavu yamefungwa shinani kwa nini. Nikawaambia, sawa, na ninyi fungueni kamera zenu, kila mmoja anionyeshe kilichoko nje ya mlango wake.

Ee Mungu wangu, asubuhi ile! Miraba myeusi ilianza kuwaka mmoja baada ya mwingine. Mmoja alikuwa Ijuganyondo, akanionyesha mibuni ya babu yake iliyoota ndevu za kuvu. Mwingine, mtu mzima, afisa ugani wa kata moja hukohuko Muleba anayesoma huku anafanya kazi, alikuwa amesimamisha pikipiki kando ya barabara na kuingia kwenye shamba la mkulima akiwa na simu mkononi, na mkulima mwenyewe akachungulia kwenye kioo kutusalimia. Msichana mmoja wa Maruku, mkimya, ambaye kwa mwaka mzima alikuwa akikaa kiti cha nyuma kabisa na sauti yake sikuwa naijua, hakufungua maiki lakini alielekeza kamera kwenye migomba ya kwao, akaipitisha polepole, shina kwa shina, mpaka nikaomba arudi nyuma nione tena. Miaka yote nimekuwa nikiwafundisha watoto wa wakulima habari za shamba ndani ya chumba chenye sakafu ya saruji, na mashamba yote yako makwao. Nilikuwa na hasira na mimi mwenyewe na furaha kwa wakati mmoja. Kipindi cha saa mbili kilikwisha saa saba, na hakuna aliyelalamika isipokuwa walioishiwa bando.

Wiki tatu zikaenda hivyo. Nilikuwa naamka kabla ya mama, jambo ambalo hata yeye alilishangaa. Niliacha slaidi. Alhamisi zikawa siku za vitendo: tunachagua kazi moja, kila mtu anaifanya kwao, tunaoneshana. Nilijisikia msichana. Nilimwandikia mkuu wa idara ujumbe mrefu wa sifa, akanijibu kwa neno moja, "Nafurahi," nami nikajua anacheka.

Kisha jirani wa mama, mzee wa upande wa chini, akafariki.

Msiba kwetu hauna mtazamaji. Jembe halishikwi kijiji kizima mpaka mazishi yapite. Wanaume wanachimba kaburi na kujenga kivuli, wanawake wanapika, na yeyote mwenye panga anaingia kibanjani kwa marehemu kukata majani ya migomba: ya kutandika chini watu wakae, ya kufunika vyungu, ya kuezekea kivuli. Nilibeba panga la mama nikakata majani pamoja na wenzangu. Nilifurahi, nikiri, kuonekana na wanawake wa kijiji nikifanya kazi kama mtu wa pale, si kama dokta wa mjini aliyekuja na kiti chake. Nilikata mengi kuliko wote.

Tulizika Jumatano. Alhamisi asubuhi nilikuwa na kipindi. Saa tatu na nusu nikafungua kamera kujiangalia, nikaona uso wangu ni giza. Wiki zile za mvua migomba ilikuwa imetoa majani mapya na kuziba mwanga wote. Dakika thelathini zilikuwa zimebaki. Nikachukua panga lilelile, nikazunguka meza yangu nikikata majani ya chini kwenye mashina sita, haraka haraka, huku nikijisemea ya kufundisha. Mwanga ukaingia vizuri sana. Nilipendeza.

Kilichofuata kilikuja baada ya wiki nne, siku ya somo la magonjwa. Nilikuwa nimefika kwenye mnyauko wa migomba, ule ambao huku tunauita unyanjano, na ukitaka kumnyamazisha Mhaya yeyote, taja neno hilo. Unaingia kibanjani kimya, mgomba unanyauka umesimama, ndizi zinaiva ndani kabla ya wakati na kuoza, na kibanja cha miaka sitini kinaweza kwisha kwa misimu miwili. Nilikuwa naueleza vizuri, maana naujua. Nilisema dalili ya kwanza ni jani kugeuka njano na kulegea kama limemwagiwa maji ya moto. Nilisema mwenezaji mkubwa ni panga la mkulima mwenyewe, linalotoka shamba moja kwenda jingine bila kupitishwa motoni wala kwenye dawa.

Ujumbe ukatokea kwenye kioo. Ulitoka kwa msichana wa Maruku. "Samahani Madam. Mgomba ulio nyuma yako."

Nikasema, "Maswali mwishoni."

Ukaja wa pili. "Samahani sana Madam. Jani la tatu kutoka juu. Upande wa kushoto kwako."

Nilikasirika, sitaficha. Nilikuwa katikati ya sentensi nzuri. Nikasema kwa sauti ile ninayoitumia kuwatuliza wakorofi, "Dada wa Maruku, darasa lina utaratibu wake." Maandishi yakakoma. Hapo afisa ugani akafungua maiki. Yeye ni mtu mzima, hanitetemekei.

"Madam," akasema, "geuka tu nyuma, tafadhali."

Nikageuka. Jani lilikuwa la njano, limelegea kutoka katikati, linaning'inia. La pili yake lilikuwa limeanza. Nilikuwa nimekaa mbele ya jani lile nikiwaeleza watu jani lile.

 Nakumbuka mwanafunzi mmoja aliyesahau kuzima maiki akimnong'oneza mwenzake, "Mganga hajigangi," na nakumbuka kwamba kicheko kilinitoka, kifupi, kibaya. Kisha nikafikiri habari ya kaka zangu. Nikafikiri chumba cha nyuma kule Nshambya, chenye kitanda nilichokwisha kumnunulia mama na dirisha linalotazama ukuta wa jirani.

"Tupime," nikasema. "Wote mtazame."

Mama alikuwa amesikia kimya changu akatoka jikoni. Kiswahili cha mama ni cha sokoni na kanisani, cha chuo hakimwingii, lakini jani la mgomba halihitaji mkalimani. Alilitazama mara moja. Akaingia ndani, akarudi na kaa la moto kwenye kigae na panga mkononi, akapitisha ubapa wa panga motoni pande zote mbili, taratibu, kisha akanikabidhi. 

Nikasogeza simu karibu. Nikakata bua la jani lile karibu na shina, nikalielekeza kwenye kamera. Kama ni unyanjano, utomvu mzito wa njano utachuruzika baada ya dakika chache. Kama ni ukame au minyoo, hautatoka. Watu arobaini na mmoja walikuwa wametulia kabisa. Kila kamera iliwashwa. Niliona nyuso zote, nyingine zimeegemea kioo mpaka zinaonekana pua tu. Dakika ya kwanza, hakuna kitu. Ya pili. Mtu mmoja akaanza kusema, "Labda siyo..." na hapo tone likatoka. Likafuatwa na jingine. Njano kama usaha.

Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Afisa ugani akauliza, kwa upole wa kazi yake, "Madam, panga limetumika wapi mwezi huu?"

Ningeweza kusema sijui. Nyuki hueneza, ndege hueneza, mbuzi wa jirani angebeba lawama bila kujitetea. Lakini nilikuwa nimetoka kuwaambia watu kwa mdomo wangu mwenyewe ni nini hueneza, na msichana wa Maruku alikuwa ananitazama. Nikawaambia yote: msiba, majani, Alhamisi asubuhi, mwanga wa kamera. Nikawaambia nimekata mashina sita kwa panga chafu ili uso wangu uonekane vizuri mkinitazama. Niliyasema kwa Kiswahili. Mama alikuwa amesimama pembeni yangu, na kwa Kihaya sikumwambia. Nilijiambia nitamwambia jioni.

Halafu, na hili ndilo ninalolipenda hadi leo, darasa likachukua kazi mikononi mwake. Sikuwaomba. Mmoja akasema tuhesabu mashina sita yote, tuyape namba. Mwingine akasema tusikate chochote mpaka tujue. Nikatembea na simu kutoka shina moja hadi jingine, wao wakitazama na kuamua. Mawili yalikuwa yameugua, namba moja na namba nne. Manne yalionekana mazima, lakini yalikuwa yamekatwa na panga lilelile, kwa hiyo hatukuweza kuyaamini. Namba nne ilikuwa ndiyo ile iliyo kichwani mwa kaburi la baba, enchoncho, mgomba wa ndizi za kupika, aliyoipanda mwenyewe, mama wa mgomba akiwa na mkungu mchanga, mtoto wake ameshatoa ua, mjukuu ndio kwanza anachipua.

Nikawaambia ninavyofundisha: shina likiugua, ng'oa familia nzima, mama, mtoto na mjukuu, fukia, na usipande kitu pale kwa muda. Ndivyo yalivyosema makaratasi yangu, na makaratasi yangu niliyaandika mwenyewe.

"Hapana," akasema mtu.

Nilitafuta ni nani. Mraba wa Maruku ulikuwa unawaka kijani pembeni. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuisikia sauti yake. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani, na ilikuwa inatetemeka.

"Hapana, Madam. Sisi kwetu tuliugua mwaka juzi. Baba aling'oa familia nzima mara mbili, akachoka, akaacha. Mama alikata zile zilizougua tu, kuanzia chini kabisa kwenye udongo, akawaacha watoto. Kila wiki anapita, akiona mwingine anakata huo tu. Na ua dume linaloning'inia chini ya mkungu alilivunja kwa kijiti, halikatwi kwa panga. Hizi nilizowaonyesha wiki ile ndizo hizohizo. Zimepona."

Nikabisha. Ni tabia. Nikamuuliza ana uhakika gani, vijidudu viko ndani ya kolo, shina la chini ya udongo, watoto wote watakuwa navyo. Afisa ugani akasema hata wao siku hizi wanawashauri wakulima hivyohivyo, kwa sababu mkulima akiambiwa ang'oe kila kitu hang'oi chochote. Wengine wakaingia, maiki zote wazi, nusu upande huu nusu ule, wanakatana maneno, wanasahau kuniita Madam. Nilikuwa nimeomba mjadala darasani kwa miaka mingi kama mtu anayeomba mvua. Ulikuwa huu hapa, na ulikuwa unahusu nyumba yetu.

Mama akanigusa bega. "Wanasemaje?"

Nikamfasiria. Upande mmoja wanasema tung'oe wote, upande mwingine wanasema tumtoe mgonjwa tu. Akainamia simu, akaweka mdomo karibu kabisa na kioo kama anataka kukinong'oneza, akawauliza kwa Kihaya. Wanaojua Kihaya waliangua kicheko na kupiga makofi, na wasiojua wakapiga kelele wafasiriwe. Nikafasiri: "Anauliza hivi: mtoto mmoja akishikwa na homa, unazika nyumba nzima?"

Nikamtazama msichana wa Maruku kwenye kioo. Nikamwambia, "Haya, mwalimu. Tuelekeze."

Akatuelekeza. Nilikata mama wa namba nne usawa wa udongo, panga likapita motoni, nikaingia namba moja, panga likapita motoni tena. Mama ndiye aliyeshika moto. Mkungu mchanga wa baba ulianguka na sauti ya chini, nao tukaufukia. Nililia kidogo na sikuzima kamera.

Tangu siku hiyo kila kipindi kilianza na namba. Kabla ya salamu, kabla ya mahudhurio, mtu angeuliza, "Namba nne?" Nami ningebeba simu kwenda kuitazama. Wiki ya pili namba sita ikaugua, tukaikata. Wiki ya tatu hakuna. Wiki ya nne hakuna. Wanafunzi wakaanza kukagua za kwao. Wawili waligundua ugonjwa makwao, wakaomba darasa liende huko, nalo likaenda. Kuna asubuhi tulikuwa Maruku, Ijuganyondo na Muleba ndani ya saa moja, na hakuna aliyelipa nauli. Niliwapigia kaka zangu kuwasimulia, lakini niliwasimulia habari ya darasa tu. Ya ugonjwa nilisema tunaushughulikia. Kaka wa Mwanza akauliza kama ndio umefika wakati wa mama kuhama. Nikasema bado, nikakata simu kabla hajaongeza neno.

Na mama? Jioni ile sikumwambia. Wala kesho yake. Kila nilipofungua mdomo niliona sura yake siku ile ameshika kigae cha moto, nikaongea jambo jingine. Mimi ninayejisifu kwamba simung'unyi maneno.

Yule mtoto wa namba nne aliendelea kukua. Mkungu wake ulijaa, ukainama upande wa kaburi. Ua dume lilivunjwa kwa kijiti chenye panda, kama tulivyoelekezwa. Lakini kwa nje huwezi kujua. Ndizi zinaweza kuonekana nzima na ndani zimeoza. Jibu liko ndani, na ili kulipata lazima mkungu ushuke. Tukakubaliana tuushushe siku ya kipindi cha mwisho cha muhula. Ukiwa mzima, dawa ya msichana wa Maruku imefanya kazi na kibanja kitapona. Ukiwa mgonjwa, familia nzima inang'olewa, na pengine mashina mengine yaliyobaki, na mimi nitawapigia kaka zangu simu nyingine.

Alhamisi hiyo waliingia wote, na baadhi walikuja na watu wao; niliona vichwa viwili, vitatu katika mraba mmoja. Mama wa msichana wa Maruku alikuwepo, amefunga kilemba cha kwendea kanisani. Mama yangu naye alikuwa amebadilisha nguo. Alipitisha panga motoni. Mimi nikaukinga mkungu, yeye akakata, kwa sababu alisema goti halishiki panga. Akachomoa ndizi moja kutoka kichane cha katikati, akaiweka juu ya meza yangu ya kufundishia, mbele ya kamera, na kuikata vipande viwili.

Nyeupe. Nyeupe mpaka kwenye ganda, bila doa. Akakata ya pili kutoka juu na ya tatu kutoka chini. Nyeupe, nyeupe.

Simu ilipiga kelele kama uwanja wa mpira. Watu walikuwa wanaruka, kamera zinatikisika, mtu anapiga vigelegele, afisa ugani anapiga honi ya pikipiki. Msichana wa Maruku alikuwa amejifunika uso kwa mikono na mama yake anamtikisa mabega. Nilipiga kelele nami, nikamkumbatia mama pamoja na panga lake, na furaha ile ndiyo iliyonifungua mdomo. Nikamwambia kwa Kihaya, hapohapo, mbele ya darasa zima, kwamba ugonjwa niliuleta mimi. Kwamba ni panga la msibani, kwamba nilikata majani nipate mwanga, kwamba nimeogopa kumwambia muhula mzima.

Kelele zikapungua. Waliojua Kihaya waliwanyamazisha wengine.

Mama alikaa kwenye kigoda, akavuta sufuria, akaanza kumenya ile ndizi ya kwanza.

"Nilijua," akasema. "Nilikuona. Moto ulikuwa unawaka jikoni, ukaupita na panga la msibani mkononi. Kwenye mkutano wa kijiji walitufundisha, panga la msibani halirudi bila moto. Nilisimama mlangoni nikafungua mdomo nikuite."

"Mbona hukuniita, mama?"

"Nikasema, ninyamaze. Huyu ndiye anayefundisha watu."

 Watu wote wale walikuwa wananitazama, nami nilikuwa namtazama yeye, mwanamke aliyekuwa tayari kupoteza migomba ya mumewe na nyumba yake kuliko kumsahihisha binti yake mwenye shahada. Niliona haya kuliko siku ya lile jani.

"Siku nyingine sema," nikamwambia.

"Siku nyingine uliza," akasema, akanisogezea ndizi na kisu nimsaidie kumenya.